Maneno Tisini kwa Dakika

4 Februari

Binti yangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti ninalokanyagia cherehani limeanza ubishi. Kaka yako na mkewe hawajambo. Wewe je, unakula vizuri huko, au ni chai tu kama kawaida yako?

Ukiona mwandiko umelala upande, ujue ni hasira. Kidoti, mtoto wa kaka yako, amerudishwa darasa la tatu. Wamemsimamisha mbele ya wenzake, wakamwashia saa, akasoma maneno hamsini na sita kwa dakika. Wao wanataka tisini. Nikauliza kipimo hicho kaleta nani. Wakanitajia Bwana Saa.

Mwanangu, huyo ndiye mwalimu aliyenitoa mimi shuleni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikwama kwenye neno refu mbele ya mkaguzi, nikarudi nyuma kulisoma upya, naye mwalimu akabonyeza saa yake akasema, "Huyu kichwa kimeziba. Mpelekeni akashone." Darasa zima likacheka. Babu yako akamwamini, na mpaka leo nashona. Sasa amekuwa mkubwa wa elimu, kipimo chake kimeenea shule zote za huku, na amemfikia mjukuu wangu.

Wewe una mashine ya kufuatilia macho ya watu wanaposoma. Niambie ukweli. Mimi ni mjinga? Kidoti ni mjinga?

Mama yako

21 Februari

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo, na ninakula, usiwe na wasiwasi. Pole na goti.

Jicho halitelezi kwenye mstari kama tunavyodhani. Linaruka, linatua, linaruka tena. Wanaosoma lugha ya maneno mafupi mara nyingi hutua mara moja kwa neno, na yale madogo huyaruka kabisa. Msomaji wetu akikutana na "hawatatuambia" hutua mara mbili, pengine akarudi nyuma, kwa sababu mle ndani kuna watu, kuna kukataa, kuna kesho, kuna sisi na kuna kuambia. Kwa lugha ile hayo ni maneno matano. Kwetu ni moja, na saa inahesabu moja. Ile tisini ya Bwana Saa ilichukuliwa kwenye vitabu vya lugha ile, ikabandikwa kwetu kama ilivyo.

Ulipokwama ukarudi nyuma, mama, ulikuwa unasoma. Hata Kidoti anasoma.

Naandika ripoti, itatoka baada ya miezi sita. Vumilia. Na hili libaki kati yetu: Bwana Saa mwenyewe alikuja kusoma kwenye mashine yetu mwaka jana, pamoja na walimu wengine wazee. Alipata themanini na moja. Tuliwaahidi wote kwamba majina yao hayatatoka. Nimekwambia tu ili upoe.

Mwanao

17 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Mimi leo sina ugonjwa wowote, hata goti limenyamaza.

Bwana Saa amestaafu. Suti ya kuagwa kaja kushonewa kwangu! Nilimpima mabega, nikampima shingo, hakunitambua. Nikamshonea vizuri, nilitaka apendeze.

Siku ya kuagwa ukumbi ulijaa wazazi na walimu. Walipokaribisha wenye neno, nikaenda mbele na karatasi aliyofelishiwa Kidoti. Nikasema, "Mwalimu, tusomee kidogo. Dakika moja tu, kama watoto wetu."

Akacheka. "Mama fundi, leo ni siku ya mapumziko."

"Hata watoto hupenda mapumziko," nikamjibu. Watu wakapiga makofi, akashindwa kukataa. Mwalimu mkuu akashika saa. Bwana Saa akaanza kwa mbwembwe, akafika kwenye "yaliyowasababishia", akasita. Akarudi nyuma! Nilimwona, mwanangu, alirudi nyuma kama mimi. Wakahesabu: themanini na tatu.

Nikasema kwa sauti, "Rudi darasa la tatu, mwalimu. Na msidhani ni bahati mbaya. Hata kwenye mashine ya binti yangu alifeli."

Ukumbi ulivunjika mbavu kwa kicheko. Jasho lilimtoka mpaka kola niliyoishona kwa mkono ikalowa. Nilishiba shibe ambayo sijawahi kuipata.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, naona ni nzuri.

Mtu alikurekodi. Mkuu wangu ameiona video na kuisikiliza mara mbili. Nimefukuzwa kazi, na ripoti imewekwa kabatini, kwa sababu aliyevunja siri za wasomaji ni mimi. Nilikuwa nimebakiza miezi minne tu kumwangusha kwa haki, mbele ya kila mtu, yeye na kipimo chake. Wewe ulitaka kicheko.

Usiniandikie kwa sasa.

Binti yako

30 Julai

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Barua tatu hujajibu, na hii naituma vilevile. Sisi wazima.

Bwana Saa alikuja dukani wiki iliyopita, na barua mkononi. Amesikia umefukuzwa, akaiandikia ofisi yenu kwamba anaruhusu jina lake na matokeo yake yatumike, na anaomba urudishwe umalize ripoti. "Sifanyi hivi kwa ajili yako," akaniambia. "Msichana wako ana haki ya kazi yake, na mimi nilikosea hesabu."

Nikamwuliza, "Mimi unanikumbuka?"

"Wewe ndiye uliyeniaibisha."

"Kabla ya hapo. Darasa la tano, mbele ya mkaguzi. Ulisema kichwa changu kimeziba."

Akafikiri, akafikiri kweli, nilimwona anahangaika. Kisha akasema, "Samahani, mama. Walikuwa wengi."

Miaka arobaini na tatu nimemchukia kila nilipokaa kwenye cherehani. Nilijua na yeye ananikumbuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu ila hilo. Nikamfukuza, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa nikalia. Hasira, usidhani huruma.

Barua yake iko humu ndani. Ipeleke. Mimi sijamsamehe. Na wewe ukitaka kunichukia miaka arobaini, una haki. Ila usinichukie kwa mbali, ukiwa kimya, kama nilivyofanya mimi. Njoo unigombeze uso kwa uso.

Mama yako