Uzi wa Dizeli Kidoleni mwa Rajabu

Ibighi,
S.L.P. 41,
Tukuyu.
14 Juni, 1975.

Mpendwa shemeji Sadalla,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu badala ya wa mdogo wako Rajabu, nitafika huko. Hamjambo huko Tanga? Saada amepona kile kifua? Sisi baridi imetukamata barabara, na ukungu hautoki uwanjani hadi adhuhuri.

Mama hajambo. Bado anagombana na kuku wa jirani, na kuku ndio wanaoshinda.

Sasa la Rajabu. Mashine ya kusaga ya kijiji cha ujamaa hapa jirani ilianza kutoa moshi mweusi, ikakosa nguvu. Msimamizi wake, mzee Ambindwile, akaja kumwita. Nami nilifuatana nao na mahindi yangu, maana mke wa fundi naye anapanga foleni.

Rajabu akafungua nozeli, ule mdomo wa chuma unaorusha dizeli ndani ya injini, akauelekeza nje na kumwambia mzee azungushe hendeli. Dizeli ikatoka ukungu mtupu, ukaingia katika ukungu wa Mungu, sikujua upi ni upi. Akanieleza kama ulivyomfundisha: mafuta yakibanwa katika tundu jembamba huvurugika, na kule kuvurugika ndiko kunakoyapasua yawe matone, matone yapasuke tena hewani, ndipo yawake vizuri. Yaliyotulia hayapasuki.

Kisha akaliona tundu moja bovu. Humo dizeli ilitoka nzima: uzi mwembamba, mnyoofu, mweupe kama kioo. Hendeli inazunguka, lakini uzi ule ulionekana umesimama tu hewani. Ulinitisha, shemeji, sijui kwa nini. Rajabu akapitisha kidole auguse, kuona kama kweli unakwenda.

Hakupiga kelele. Palibaki kitundu cha ncha ya sindano, bila damu. Akaosha mkono, akarekebisha nozeli, na mashine ikanguruma vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Ambindwile alimshukuru sana: “Ndaga fijo, fundi! Umetuokoa.”

Juzi kidole kikawa cheupe na baridi. Jana kikavimba, leo ukucha ni mweusi. Nimekibonyeza. Haikutoka damu. Ilitoka dizeli.

Nikamwambia twende hospitali. Akacheka: “Zakia, acha woga. Hakiumi hata kidogo, kimetulia.” Ninaogopa, shemeji, na ninamkasirikia pia. Hamsikilizi mtu mwingine ila wewe. Mpigie telegramu, umwamuru.

Msalimie Saada, mbusu Husseni, na mwambie shangazi Biubwa kwamba mama anamkumbuka. Mwenyezi Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na sisi asitusahau huku kwenye baridi.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukuheshimu,
Zakia

Nimefungua tena bahasha. Nilimpa Rajabu kalamu na karatasi aongeze japo salamu zake kwako. Alikaa dirishani akiisikiliza ile mashine, inayosikika hadi hapa. Kalamu ilimponyoka ikaanguka sakafuni, naye mkono wake ukaendelea kuandika. Alipomaliza akanirudishia karatasi tupu, akaniambia nifunge.

Sitaingoja telegramu yako. Nimeshavaa kanga, tunakwenda hospitali sasa hivi, atake asitake.