Mlinda Lango, Miaka Minne

Jumapili, 12 Januari 2014

Zamu ya asubuhi tena. Ukungu umemeza minara yote ya JLT, huku ughaibuni, hata ziwa silioni. Nimewafungulia mlango wenye mbwa, wenye kahawa. Kisha Sir Murdo wa ghorofa ya kumi na nne, mzee Mskochi, mfuko wa mipira begani. Vidole vimepinda kama tangawizi. Leo nimemuuliza vina nini. Kumbe alikuwa kipa! Miaka kumi na tisa, timu ndogo za kwao, mvua tupu. Sasa anafundisha makipa watoto kila Ijumaa. Nikasahau kuufunga mlango.

Jumanne, 14 Januari

Kakamega nilidaka miaka minne. Wakala wa kazi za nje, Nairobi, alipouliza uzoefu, nikatumia neno la watangazaji wa redio nionekane msomi. Mlinda lango, miaka minne. Akaandika kwa Kiingereza: askari wa geti.

Niliona. Nikanyamaza. Nilitaka ndege tu.

Jumatano, 15 Januari

Sir amenisimulia mechi yake ya mwisho. Ukungu kama huu. Mpira ulitokea mweupe ndani ya weupe, akaja kuuona uko wavuni. Hadi leo anauota. Ndotoni anaudaka, lakini miguu haigusi tena chini. Anaelea tu.

Mimi pia huota hivyo. Nikajikuta nimemwambia nilikuwa kipa. Akaniita uwanjani Ijumaa, makipa wake wasichana hawana mwalimu. Akanipa fomu ya walimu. Kazi zote za awali, mwaka kwa mwaka, na sahihi ya kampuni yangu.

Alhamisi, 16 Januari

Nikiandika kipa, ofisi itafungua faili na kukuta miaka ileile nilikuwa askari. Watanirudisha nyumbani. Nikiandika askari, nimewakosa wasichana. Naogopa. Nimechoka kuogopa.

Ijumaa, 17 Januari

Siku yangu ya mapumziko. Mpira wa kwanza ulinipita. Wa pili pia, aibu. Wa tatu niliruka bila kufikiri. Hewani palikuwa kimya, pana, kama hakuna haraka ya kushuka. Nikaudaka.

Sir hakupiga makofi. Alivua glavu zake akanivalisha. Nimelia kwenye treni hadi Karama ninakolala, watu wakinitazama.

Jumamosi, 18 Januari

Fomu nimeijaza ukweli. Nikampelekea Ssali, msimamizi wetu, Mganda asiyecheka. Nikamweleza yote. Akasoma faili, akasoma fomu, akarudia faili.

"Nyabo, dada, ulitudanganya?"

"Ndiyo, bosi."

"Miaka miwili hapa. Kuna mwizi amepita mlango wako?"

"Hakuna, bosi."

"Khalas, yaishe. Hilo neno lenu, mlinda lango, limenishinda."

Akasaini. Akanikataza kumwambia mtu.

Jumapili, 19 Januari

Ukungu tena. Sir ameshuka mapema, bila mipira. Nimemfungulia, hakutoka. Alisimama kando yangu, magoti yamekunjwa kidogo kama yuko golini, nami nikakunja yangu. Tukautazama ule weupe. Hakuna kilichotokea humo. Tulikuwa tayari.