Mafuta ya Taa Ndani ya Kibuyu

Kimulot,
29 Januari 1996

Joab,

Wewe kijana umenitia aibu mbele ya wazee, na hata salamu sijui kama unastahili. Nitakusalimu tu kwa sababu mimi nililelewa. Habari ya kazi ya kiwandani? Mama yako Dorcus na mgongo wake? Sisi huku mwili ni mzima. Roho ndiyo imepigwa.

Sasa sikiliza. Juzi Jumamosi wazee wa ukoo walikuja, kama nilivyokuambia, kuamua kama mjukuu wangu Chemutai anaweza kuolewa kwenu. Bethwel, shemeji yangu, ndiye mkubwa wao. Nilikuwa tayari. Mkate ulikuwepo. Ile jamu ya plamu tuliyopika wikendi uliyokuja, chupa kumi na moja, nilizipanga mezani kama askari. Na nilikuwa na kibuyu cha mursik, kile kikubwa, maziwa yamelala ndani wiki mbili. Wewe unaijua mursik yangu. Kutoka hapa mpaka Merigi hakuna mtu atakuambia maziwa ya Rodah yaliharibika.

Nikamimina. Bethwel akapokea kwa mikono miwili, akaomba, akanywa. Joab! Macho yake yalitoka kama ya chura. Alikimbia mpaka mlangoni akatema kwa maua yangu. Nilifikiri ni moyo umesimama. Akarudi akifuta mdomo na koti, akaniambia, "Rodah, unataka kutuwasha kama koroboi?"

Nilionja mwenyewe. Mafuta ya taa! Nilisimama pale kama nimepigwa na radi, kikombe mkononi. Miaka arobaini na tano tangu niolewe na Hezekiah, sijaona jambo kama hilo kwa kibuyu changu.

Walipoondoka nilinusa kila kitu nyumbani. Nilinusa kibuyu, nikanusa makaa ya kukipaka ndani, nikafika kwa sosiot, ile fito ya kusugulia kibuyu, ile mpya niliyochongewa Disemba. Inanuka mafuta ya taa mpaka kwa mpini. Na kwa boma langu nani alikuwa na mafuta ya taa? Ni wewe, umekaa chini ya paa la ghala, baiskeli ya marehemu mzee na ya Chemutai zimepinduliwa miguu juu, unaosha cheni kwa karai. Mtu aliyezaliwa Kericho hapa hapa, anayekula kwangu tangu akiwa na kaptura ya shule, anaenda kusugua cheni na sosiot! Hata mzungu angeuliza kwanza.

Bethwel amesema si yeye amekukataa, ni maziwa yenyewe yamekataa mgeni. Wazee wakainuka. Jamu hawakugusa. Chemutai amelia mpaka sauti imeisha, na baiskeli yake hataki kuiona, anaenda kufundisha kwa miguu.

Na hata siku ile ya kupika jamu mliniudhi. Mimi nachambua plamu, natoa zenye funza, halafu Chemutai anarudia sufuria yangu nyuma yangu kama mimi ni mtoto. Mnanong'ona. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mgeni.

Niandikie ukweli. Ni wewe au si wewe?

Ni mimi, bado Kogo, nyanya yako, lakini kwa shida,
Rodah


Kericho,
5 Februari 1996

Kwa Kogo wangu mpendwa,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ng'ombe wazima, na mvua imekukumbuka. Mama anakusalimu sana. Mgongo bado, lakini anachuma chai na kunung'unika, na akinung'unika tunajua yuko sawa.

Kogo, ni mimi. Nilisugua cheni na ile sosiot. Nilipoiangalia vizuri ilikuwa imeshalowa. Niliiosha kwa maji moto na sabuni mara tatu, nikanusa, nikajidanganya kwamba harufu imeisha, nikaitundika mahali pake. Halafu nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokukosea, na sina la kujitetea.

Tafadhali mwambie Mzee Bethwel maziwa hayakumkataa mtu. Ni mkono wangu. Akitaka nije nisimame mbele ya wazee niseme hivyo, nitakuja hata kwa miguu.

Usimkasirikie Chemutai kwa ajili ya plamu. Alitaka tu kukusaidia.

Ile baiskeli ya mzee bado breki ya nyuma. Gololi za gurudumu la mbele nimeshapata mpya, nimeziweka kwa kitambaa. Usimruhusu mtu kuipanda kabla sijaimaliza.

Nisamehe kwa kuandika herufi kubwa hivi. Kalamu yangu ni nzito.

Mjukuu wako,
Joab Oketch


Kimulot,
12 Februari 1996

Joab,

Habari yako. Sisi wazima.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mwenyewe, sikusomewa. Umekubali kosa. Vizuri. Mtu anayeharibu kibuyu kwa bahati mbaya naweza kumsamehe. Anayetundika sosiot na harufu yake akaenda nyumbani kulala usingizi, huyo simjui. Leo ni kibuyu. Kesho ukikosana na Chemutai utaficha nini?

Usije tena Kimulot. Hizo gololi uzichezee huko. Baiskeli ya mzee itakaa na breki moja, na Chemutai atapata mtu mwingine.

Na herufi zako kubwa ni za nini? Unaniona mtoto wa darasa la kwanza? Mimi nilikaa ngumbaru miaka miwili, nikamshinda hata mke wa mhubiri.

Rodah wa Hezekiah


Kimulot,
8 Machi 1996

Joab, mjukuu wangu,

Hujanijibu, na haki yako. Uko mzima? Mama yako? Mimi sijui niseme niko namna gani. Nikueleze, halafu utajua mwenyewe.

Juzi Jumatano Tecla jirani alikuja kunisaidia kuosha ghala kabla mvua haijakolea. Ile karai yako ilibaki hapa na uchafu wa cheni. Nikamwambia, "Tecla, niletee ile sosiot kuukuu, imekwisha meno kama mimi, ile nilimpa Joab asugulie cheni."

Nilimpa. Mdomo wangu mwenyewe ndio umesema.

Tecla akaitoa ukutani. Akasema, "Mama, hii haijagusa cheni. Ina utando wa buibui." Nikaishika. Kavu, na vumbi la mwaka mzima. Joab, nilikaa chini mlangoni pa ghala.

Kwa sababu nilikumbuka. Nilikuwa kwa moto nakoroga plamu. Ukaja ukaniomba kitu kikuukuu cha kusugulia. Nikaenda ukutani nikakuletea. Wewe ukaiangalia, ukasema, "Kogo, ni hii kweli?" Na mimi nikakujibu nini? "Unanifundisha vitu vya nyumba yangu?" Loice wa kanisani alikuwa amekaa pale anasikia. Ukachukua ukaenda.

Nilikuandikia kwamba hata mzungu angeuliza. Wewe uliuliza.

Nikamwambia Tecla afungue chupa moja ya jamu. Akaangalia ndani, akaifunga tena. Nikamwambia sema. Akasema, "Mama, funza wawili." Nikamwambia afungue nyingine. Mmoja. Na hizo ndizo Chemutai hakuwahi kurudia, zile nilizopika peke yangu asubuhi kabla hajaamka. Nilitaka kuwalisha wazee funza! Maziwa yalinisaidia, wakaondoka bila kugusa mkate.

Jioni nilimkalisha Chemutai. Tangu lini? Akaangalia chini. "Tangu mavuno ya mahindi ya mwaka juzi, Kogo." Mwaka juzi! Na Tecla anajua. Na mhubiri anajua, ndiyo maana siku hizi hanipi kusoma zaburi. Hata kuku nafikiri wanajua. Mimi tu ndiye nilikuwa sijui macho yangu yamekwisha. Nilisema ni koroboi mbovu. Nilisema ni moshi. Nilisema siku hizi wanatengeneza sindano zenye tundu ndogo.

Jana nimetembea mpaka kwa Bethwel. Sikulala huko, sikunywa chai. Nimesimama mbele yake na mke wake nikasema: maziwa hayakukataa mtu, ni Rodah haoni. Bethwel akainua mkono akauliza ni vidole vingapi. Nikamwambia vidole sivioni vizuri, lakini hicho kichwa chako kitupu nakiona mpaka ndani. Akacheka. Akasema basi, atarudi, lakini maziwa apike mtu mwingine. Hilo neno limenichoma, Joab. Nimelikubali.

Na wewe usifurahi, kesi yako bado ipo. Ulinihurumia ukanificha. Ulibeba aibu yangu kwa barua, ukasema ni mkono wako, ukanyamazia wangu. Mtu wa nyumba hii haniambii uongo hata kwa upole. Ukiona sioni, uniambie sioni. Nitakutukana, halafu nitasikia.

Sasa fanya hivi. Jumatatu tarehe 18 uje asubuhi na hizo gololi. Maliza baiskeli ya mzee, breki zote mbili, unibebe kwa kiti cha nyuma mpaka barabarani tupande gari twende kwa daktari wa macho. Njiani ukate fito ya sosiot mpya. Utaichonga wewe, na nitakuonyesha kwa mikono. Kibuyu atakisugua Chemutai, mimi nitakaa pembeni nikinusa. Jumamosi tarehe 23 umlete mama yako na wazee wenu. Plamu za mwisho bado ziko mtini, mtazichambua nyinyi.

Barua hii nimeiandika nikifuata rula kwa kidole. Kama mistari inapanda mlima, panda nayo.

Nijibu upesi kwamba umesikia. Na uandike kubwa.

Kogo wako,
Rodah