Chumvi ya Mama Zunilda

Moca, 4 Agosti

Nimeacha sigara! Umesikia, Radhamés? Siku kumi na tisa, hata moja, hata ya kuazima, hata kipisi cha kumalizia. Mimi, Zunilda Polanco, niliyeanza kuvuta nikiwa na miaka kumi na sita kwenye mashamba ya kahawa, nimeacha kabla ya wanaume wote wa mtaa huu wanaojifanya vidume.

Mungu akubariki, mwanangu. Najua hujaniomba baraka, natanguliza tu. Hamjambo huko Bayamón, ng'ambo Puerto Rico? Nereida hajambo? Na mjukuu wangu Amelis, kifua kimetulia au bado kinapiga mluzi? Sisi huku wazima, isipokuwa jogoo wa jirani Tomasina, amekufa, na afadhali.

Ulisema mkono uliozoea sigara ukipewa kalamu utatulia. Basi ndiyo hii barua. Haujatulia. Leo nimefagia ua mara tatu na kuosha masufuria yaliyokuwa safi. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nasahau nilichosimamia.

Hiyo filimbi ya umeme uliyoniachia Julai nivute badala ya sigara inafanya kazi, siikatai. Lakini mbona hukuniambia mengine? Kinywa kinakauka kama nimebugia unga wa muhogo. Koo linawasha. Asubuhi nikiivuta haraka haraka kichwa kinazunguka mpaka nashika meza. Na kikohozi! Nilipokuwa navuta sikukohoa hivi. Sasa nimeacha ndiyo nakohoa. Haki iko wapi?

Halafu sigara ilikuwa na adabu, baba. Unaiwasha, inakwisha, unarudi kwenye sufuria. Hii haina mwisho. Namenya ndizi nayo, nachambua mchele nayo. Jana Tomasina ameniona akapiga kelele ukutani: "Zunilda, miaka sitini na tatu na bado unanyonya? Nikuletee na bibu ya mtoto?" Mama yako wa ubatizo yule, lakini mdomo wake haukubatizwa.

Haidhuru. Ahadi ni ahadi. Ulisema moshi ukitoka katika nyumba hii, Amelis atalala chumbani kwangu mtakapokuja kumbatiza. Umetoka. Na chakula cha ubatizo nitapika mimi, sancocho, ule mchuzi wetu mzito wa nyama saba, kwa watu themanini, maana hapa Moca wapo wapishi na yupo Zunilda.

Mama yako

*

Bayamón, 15 Agosti

Baraka, mama.

Sisi wazima. Amelis ana meno mawili na anauma kila kitu. Kifua bado si kizuri sana, mvua ikinyesha tunamsikia kutoka sebuleni.

Barua yako nimeisoma kazini, mafundi wenzangu wote wakanipigia makofi, hawakujua kwa nini.

Nereida anasema, na yeye kila siku yuko na wagonjwa wa mapafu: kikohozi kwa wengi ni kifua kinachojifagia baada ya miaka mingi ya moshi, lakini kikizidi, au ukikosa pumzi, nenda zahanati usione haya. Kukauka kinywa, kunywa maji. Kizunguzungu, unavuta haraka mno na maji ya ndani ni makali mno. Nakutumia yasiyo makali. Anasema pia hicho kifaa si peremende, kina madhara yake, na lengo ni kukiacha nacho. Na ile chupa ndogo ya maji yake usiiweke jikoni hata kidogo! Inanukia vanila lakini ni sumu ukiinywa.

Tunakuonea fahari, mama. Ukipanga siku na padre, niambie niombe likizo.

Mwanao

*

Moca, 8 Septemba

Radhamés, nimeaibika mbele ya wafiwa.

Mungu akubariki, nyote wazima? Mimi mwili mzima, moyo haupo.

Nianze mwanzo. Kama wiki ya nne hivi nilianza kunusa. Nanusa sabuni ya Tomasina kupitia ukutani. Nanusa mvua kabla ya mawingu. Nikasema, tazama, Zunilda amekuwa mbwa wa polisi. Nikafurahi. Ila chumvi ikaanza kunichokoza. Natia kiasi changu kilekile, nadondosha mchuzi kiganjani, naonja kama ninavyoonja siku zote, lo! Kali kama tusi. Nikaenda kumgombeza mwenye duka: "Chumvi gani hii mnayotuletea siku hizi?" Nikahamia duka jingine. Kali vilevile. Nikasema basi, viwanda vimeharibika, nikawa natia nusu. Wateja wangu madereva wakawa wanaacha wali. Ukoko, Radhamés! Ukoko wangu wanaougombania ukawa unarudi jikoni.

Ikaja siku ya tisa ya maombolezo ya marehemu Fello, mwenye karakana. Familia yote ikanitaka mimi. Nikapika sancocho tangu alfajiri, nikaonja, nikasema hii hata Fello angerudi. Watu wakakaa. Wakala kimya, nikadhani ni huzuni. Kumbe mzee Eligio amenyanyuka, ameingia jikoni kwangu, ametoka na kopo la chumvi chini ya kofia. Likatembea mezani kama sahani ya sadaka, kila mmoja akiinamisha kichwa. Mjane ndiye aliyelipokea wa mwisho. Akanitazama akasema kwa upole, "Zunilda, pole na wewe." Mjane kunipa pole mimi!

Filimbi yako imeniua ulimi. Ndiyo madhara yake hayo, na nesi wako hakuyaandika. Miaka thelathini na moja nina mgahawa, sijawahi kuombwa chumvi.

Nimenunua pakiti. Sijaifungua, iko mfukoni mwa aproni, naigusa tu. Nimeshafikiria: nitavuta wiki mbili, mkono wangu urudi, nipike ubatizo, kisha niache tena. Siwezi kuwalisha watu themanini maji ya moto siku ya mjukuu wangu.

Mama yako

*

Bayamón, 17 Septemba

Baraka, mama. Tafadhali usiifungue.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Nereida ameniambia andika ukweli, nikamwambia wewe humjui mama yangu. Lakini nitaandika.

Ulimi wako haujafa. Umerudi. Moshi ulikuwa umeufunika tangu una miaka kumi na sita, sasa unaonja kama watu wengine. Chumvi ya dukani ni ileile.

Mama, chakula chako kilikuwa na chumvi nyingi. Siku zote. Tulikua hivyo tukadhani ndivyo chakula kilivyo. Baba alikuwa akimaliza kula anaenda mtungini kabla hajasema asante. Mimi nilipofika huku nilitia chumvi kwenye kila sahani ya Nereida mpaka akalia. Hakuna aliyekwambia kwa sababu hakuna aliyethubutu, na kwa sababu tulikipenda.

Ukivuta tena, hata kwa wiki mbili, Amelis hatalala chumbani kwako. Inaniuma kuandika hivi. Kifua chake hakiwezi.

Mwanao

*

Bayamón, 9 Oktoba

Baraka, mama.

Wiki tatu. Simu hupokei, barua hujibu. Nimempigia Tomasina, amesema uko hai, na akakata simu kabla sijauliza la pili. Sijui kama nimekukosea kwa kusema au kwa kuchelewa kusema. Nereida ananiuliza aombe likizo lini. Kama umevuta, niambie tu umevuta. Kama umenikasirikia, nitukane, nimezoea, lakini andika.

Mwanao

*

Moca, 20 Oktoba

Radhamés,

Mungu akubariki, ingawa hustahili. Mke na mtoto wazima? Mimi mzima, ni jina langu ndilo lililokuwa mahututi.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikaikunja, nikaisukuma chini ya gunia la mchele, nikaenda kwa Tomasina bila hata hodi.

"Tomasina, niapie kwa mama yako. Chakula changu kilikuwa na chumvi nyingi?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza!"

Akaweka kisu chini. "Unadhani kwa nini nakuja kula kwako na jagi langu la maji?"

"Ulisema unaogopa maji ya bomba langu!"

"Ningesema nini, mwanamke? Na wewe umeshika mwiko?"

Nikamwita mnafiki. Akaniita Bahari ya Karibi. Hatukusemeshana siku nne, na ukuta wetu ni mmoja.

Siku ya tano nikawasha. Ndiyo. Sikufichi, sikukulea kwa uongo, isipokuwa huo wa chumvi ambao hata mimi sikuujua. Nilikaa juu ya kreti la soda nyuma ya jiko nikaivuta yote. Kisha nikaenda kwenye maharagwe, nikadondosha kiganjani, nikangoja mkono wangu wa zamani. Haukuja. Nilichoonja ni majivu na maharagwe.

Nikarudi ndani nimalizie pindo la kigauni cha ubatizo nilichomshonea Amelis. Cheupe, vifungo vidogo kama punje za mchele, hakuna mtoto wa Puerto Rico mwenye kama hicho. Nilikuwa nimekishika dakika moja tu. Nikakiinua, nikakinusa. Kinanuka mimi. Zamani nisingejua, ningemvalisha hivyohivyo na kujisifu juu yake. Nikakifua mara mbili, nikakianika juani, na ile pakiti nikaizamisha kwenye ndoo ya kudekia. Ni moja tu, tangu siku hiyo sijagusa.

Filimbi bado ninayo, sitajidai. Haya maji mapya hayanizungushi kichwa, kikohozi kimepungua, usiku ndiyo kinywa kinakauka. Naivuta uani tu, baada ya kula. Mwambie Nereida anipangie namna ya kuiacha. Mkongojo ni mkongojo, sitaki kuzikwa nao.

Sasa chakula. Nimempa Tomasina kijiko. Mimi, ambaye hata padre nilimfukuza jikoni! Tunaonja wawili, tunagombana juu ya sufuria mpaka madereva wanakuja kusikiliza. Wiki iliyopita tumewapa sancocho ya kujaribia. Mmoja akaomba chumvi, nikampa, nimeuma meno lakini nimempa. Mwingine, yule wa lori la mayai, akanyanyua kichwa kwenye sahani: "Mama Zunilda, miaka tisa nakula hapa, leo ndiyo nimejua unatia giligilani!" Akaomba ukoko. Akagombana na mwenzake juu ya ukoko, Radhamés. Niliingia stoo nikalia kidogo, kisha nikatoka nikawaambia wanyamaze.

Kwa hiyo sina hasira na wewe. Ninayo, lakini ya kawaida.

Kitanda cha mtoto nimekiweka chumbani kwangu karibu na dirisha, mapazia nimefua, kuta nimesugua kwa sabuni na limau. Lakini sitakudai ahadi. Mje mninuse kwanza. Nywele, mto, vidole, kila kitu, nesi akiwa mbele. Mkisema hapana, nitambusu mlangoni na nitakwenda kupika, hamtaniona nimenuna.

Nimeshaongea na padre, ameniandika kitabuni. Wewe, Nereida, mtoto, wazazi wa Nereida na yule kaka yake anayekula sana, wote mje. Misa ni saa nne asubuhi, Jumapili tarehe 24 Novemba.

Mama yako