Konzi Moja Irudi Mtungini

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Nilizoea kuianza siku kwa neno hilo mlangoni pako, na hata sasa hunitoka asubuhi kabla sijakumbuka kwamba chumbani hamna wa kuitikia. Basi pokea ya leo kwa maandishi. Mwandiko wangu usiucheke. Herufi ni zile zile ulizonichorea kwa mkaa mgongoni mwa ungo, na karatasi ni ile aliyonifungia Mhindi chumvi. Nimeikung'uta sana, lakini bado ina chembechembe na kalamu inakwama.

Nakuandikia kwa sababu jana dada yako, Bi Rehema, aliondoka kurudi Moshi. Alikuja kumchukua mwanao Tunu. Nitakwambia yaliyotokea, lakini niache nianzie sokoni, maana nikianza na mtoto nitalia, karatasi italowa, na nyingine sina.

Unaikumbuka siku yangu ya kwanza ya soko? Nilikuwa bibi harusi wa wiki mbili, nimeshuka kutoka Nkoaranga, Kiswahili changu cha kuokoteza. Mume wetu alikuwa ameondoka na mizigo ya serikali, ametuachia rupia chache zituvushe wewe, mimi na Tunu mpaka arudi. Kwetu mlimani nilijua kubadilishana tu: mkungu wa ndizi kwa kibuyu cha maziwa, basi. Hela sikuwahi kuishika. Wewe ukanitia hela kiganjani pale chini ya boma la Wadachi, wanawake walipopanga vikapu vyao, ukaniambia, "Kanunue mahindi ya siku nne." Kisha ukakaa pembeni na tambuu yako kana kwamba hunijui.

Loo, aibu ile! Mtu wa kwanza kukutana naye akawa shangazi yangu, na kwetu binti hashindani bei na shangazi. Nikamwamkia. Nikaulizwa habari za mama, za mbuzi, nikaulizwa kama nimeshika mimba, na mwisho nikatoa hela zote alizotaka. Akanipimia kibaba cha mfuto, amekifuta juu kwa kijiti mpaka hapana hata punje iliyoinua kichwa, nami nikamshukuru! Tena nikamwomba radhi kwa kumsumbua. Nilirudi kwako na mahindi ya siku mbili. Ulicheka mpaka tambuu ikakudondoka, ukasema, "Bi Mdogo, wewe ulikwenda kutembelea ndugu. Sokoni bado hujafika."

Ukanishika mkono tukarudi pamoja. Ukanifundisha ninunue kwanza kwa mtu baki, halafu ndiyo niende kwa shangazi, kikapu kimejaa na hela zimekwisha, tusalimiane mpaka tuchoke. Ukanifundisha kutembea na kibaba chetu wenyewe, kile cha mti chenye ufa mdogo mdomoni, na kutoondoka mpaka kijazwe tele, kilima kisimame juu yake. Ukanifundisha kuing'ata punje: ikilia kavu, nunua, ikibonyea, weka chini, hayo ni maji unauziwa. Na ukanifundisha kungoja alasiri, wakati wanawake wa mlimani wanapotazama juu na kuona mawingu yameshika Meru, hawataki kupanda na mikungu yao, bei ikashuka. Hilo lilinichoma moyo, kwani mkungu huo nimewahi kuurudisha mimi mwenyewe kichwani nilipokosa wa kubadilishana naye, mvua inanipiga, njia inateleza. Uliliona usoni mwangu. Tangu siku hiyo ukawa unanunua ndizi kabla ya alasiri. Hukusema kwa nini, nami sikuuliza. Lakini nilijua, Bi Mkubwa.

Sasa nije kwenye ile konzi.

Kila asubuhi tulipopima kibaba cha mahindi ya kutwanga, ulimwita Tunu. Naye alikitia kiganja chake juu ya kibaba, akachota konzi moja, akairudisha mtungini. Konzi ya mtoto, kwa sababu, ulisema, mkono wa mtu mzima una tamaa, na ule wa mtoto tumbo halitausikia. Mimi niliona ni ubahili mtupu. Nilikwenda kwa jirani nikasema una mkono wa birika, hata kibaba cha njaa unakipunguza. Nasikia maneno yalikufikia. Hukunikunjia uso. Mwaka ule mahindi yalipoadimika sokoni, ulinikalisha mbele ya mtungi tukapima konzi zile, zikatuvusha siku tisa. Siku tisa! Nilikula nikiwa nimeinamisha macho.

Ungedhani hapo nimekoma ujinga. Wapi!

Homa ilipokuchukua, siku ya kwanza ya kupika baada ya matanga, Tunu alikuja mwenyewe, akanyoosha kiganja juu ya kibaba. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Acha, mwanangu. Kula yote." Niliona yatima asipunguziwe hata punje. Niliona huko ndiko kumpenda. Naye akanitazama, akarudisha mkono wake nyuma ya mgongo.

Siku ya arobaini yako, Bi Rehema alisimama uani, watu wote wanasikia, na Tunu amekaa kwenye kizingiti na mto wako mapajani. Akasema mtoto wa dada yake hawezi kulelewa na msichana ambaye juzi juzi tu ameshuka mlimani, hajui hata bei ya chumvi. Atarudi kabla ya mavuno. Akikuta mtungi una chakula, atamwacha. Akikuta mtupu, ataondoka naye. Mume wetu alikuwa safarini tena, na hapakuwa na mkubwa wa kunisemea. Nikapiga moyo konde, nikasema, "Karibu, utaukuta umejaa."

Nilikwenda sokoni peke yangu, kibaba chako kwapani, nikajiona fundi. Mwezi wa kwanza niliweza. Mwezi wa pili masika yalishika, njia za Kikatiti, mahindi yanakotoka, zikawa tope tupu, vikapu vikapungua, bei ikapanda. Siku moja nikamkuta mtu anauza rahisi, vibaba vya tele bila hata kuombwa. Furaha ikanipanda kichwani, na mvua ilikuwa inakuja. Sikung'ata. Bi Mkubwa, sikung'ata hata punje moja! Baada ya siku nne nilifunua mtungi nikapigwa na harufu ya kuvunda. Zaidi ya nusu nilimwaga. Nilikaa chini jikoni nikakuita kwa sauti, nikakulaumu, eti umekufa mapema hukunimalizia somo.

Tukawa tunakula ndizi, na mahindi kidogo siku moja moja. Hapo ndipo nilipoona kibaba hakifiki. Napima, nageuka kuchukua mchi, nikirudi kimepungua. Siku moja nikamshika Tunu, ana punje kwenye pindo la kaniki yake. Sitaki kuandika hili lakini nitaandika: nilimwita mwizi. Mwanao. Nilimwita mwizi mbele ya jirani yule yule niliyekusengenya kwake. Aliuchukua mto wako akaenda kukaa nao karibu na mafiga.

Ule mto alikuwa haachani nao. Ni ule wa merikani ulioushona kwa uzi mwekundu. Hakutaka niufue, hakutaka hata niutandike. Nikajisemea una harufu ya mama yake, nimwache.

Juzi Bi Rehema akafika. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akaingiza mkono, nikasikia kucha zake zinakwaruza chini. Akatazama chungu changu cha ndizi. "Mtoto wa watu wa pwani, wa Pangani, analishwa ndizi kila siku?" Nilitaka kumjibu kwamba ndizi hizo zimelea ukoo wangu mzima na meno yetu yote tunayo, lakini mtungi ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimeshindwa, na nilijua. Akatoa kikapu akaanza kupakia nguo za Tunu. Nilikuwa nahesabu nguo zako ulizomshonea, moja moja zinaingia kikapuni.

Kisha akaunyanyua mto. Akaunyanyua kwa mkono mmoja, kama mtu anavyonyanyua mto, nao ukamvuta chini. Uzi mwekundu ukakatika.

Yakamwagika mahindi. Yakamwagika, Bi Mkubwa, mpaka mlangoni! Tunu akapiga ukelele, "Msiyakanyage!" akapiga magoti, akaanza kuyakusanya kwa viganja vyake. Majani makavu ya mgomba uliyoyatia ndani alikuwa ameyatoa yote, kidogo kidogo, akajaza konzi za kila siku. Zile nilizomkataza. Zile nilizomwitia mwizi.

Bi Rehema akamwuliza kwa sauti ndogo, "Ya nini haya?"

Akasema, "Ili nisichukuliwe."

Sijui nilikaaje chini. Najua tu nilikuwa sakafuni nimemkumbatia, naye ananisukuma kwa sababu nilikuwa nimekalia mahindi yake.

Tuliyapima kwa kibaba chako. Pishi moja na vibaba viwili. Bi Rehema alichukua punje, akaing'ata, ikalia kavu. Mtoto alilala nayo karibu na moto siku zote hizo, ndiyo maana. Dada yako akajifunga kaniki vizuri, akaomba mchi. Alitaka kutwanga mwenyewe. Nikapima kibaba cha kwanza nikamsogezea. Tunu akanyoosha kiganja, akatuangalia sisi wawili, akasita. Bi Rehema akakishika kibaba kwa mikono miwili kisitikisike, akamwambia, "Chota." Akachota. Na dada yako akageukia ukutani, akajifuta macho kwa upande wa kaniki, akanigombeza kwamba jiko langu lina moshi mwingi.

Tulikula ugali watatu. Jana asubuhi aliondoka na kikapu chake kitupu. Nguo za Tunu amezikunja upya mwenyewe, na mlangoni akaniambia, "Mahindi ung'ate." Nikasema, "Ndiyo, dada."

Nimemwomba Tunu radhi, si chumbani bali uani, jirani yule akiwepo na akisikia. Alinisamehe upesi, kama watoto wanavyosamehe, akataka tu mto ujazwe majani mapya maana ule wa mahindi ulimuumiza shingo. Miezi yote hiyo, shingo inamuuma, na hakusema.

Kwako sijui radhi naiombaje. Niliyoyasema kwa jirani juu yako sitaweza kuyarudisha. Ahadi yangu ni hii: maadamu jiko hili linawaka, konzi moja itarudi mtungini kila asubuhi, mwaka wa shibe na mwaka wa njaa, na mkono utakaoirudisha ni wa Tunu. Hatatoka nyumba hii kwa sababu ya mtungi mtupu. Nitang'ata kila punje mpaka meno yaishe.

Jambo moja tu limenisumbua leo, nataka nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine. Alipochota asubuhi nilikiangalia kibaba, nikaona kimepungua kuliko tulivyozoea. Nikadhani nimepima vibaya. Kumbe ni kiganja chake, Bi Mkubwa. Kimekua.

Mungu akulaze pema. Shikamoo yangu iweke huko uliko. Ya Tunu asubuhi nitaiitikia mimi.

Mke mwenzio,
Bi Mdogo