Mwanamke Mzima Hakimbii

Kinampanda,
6 Februari 1978

Mwanangu mpendwa Dina,

Pokea salamu zangu, na za baba yako mdogo Andrea, na za jirani Anastazia, na za yule ng'ombe mwekundu uliyemwacha na mimba, amezaa dume. Sisi huku tunapumua vizuri. Goti langu la kushoto ndilo linalouma mvua ikitaka kunyesha, na mwaka huu inataka kila siku. Je, wewe? Unakula? Unalala? Tumbo lako liko namna gani? Nijibu la tumbo kwanza, mengine yafuate.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Cheti cha kisomo cha watu wazima ninacho, nimekitundika pale ilipokuwa kalenda. Kama kuna herufi imepinduka, ipindue wewe.

Redio ya Andrea inasema kipindupindu kimeshika Shelui, na njia zimefungwa, mtu hapiti bila kibali. Nikasema, na mwanangu yumo. Watu wote wanaukimbia ugonjwa, wewe umepelekwa kwenye ugonjwa kwa lori la serikali, tena ulipanda unacheka, nilikuona. Nilipokuruhusu kusomea uuguzi nilidhani utapima watoto uzito.

Sasa kuna jingine. Simoni, dereva anayepeleka dawa huko kwenu, amesema mbele ya watu kwamba mnakimbizwa. Kwamba mganga wenu anawapanga mstari jua halijatoka, mnakimbia barabarani. Mnakimbia nini? Dina, kwetu unakujua. Mwanamke mzima hakimbii. Akikimbia ni moto au ni kifo, na anayemwona anaacha jembe lake anamfuata bila kuuliza. Siku bibi yako alipokata roho nilikimbia kutoka kisimani mpaka kwa Andrea, na kabla sijafungua mdomo watu arobaini walikuwa uani, wengine na majembe ya kuchimbia.

Niambie kwamba Simoni ni mwongo. Nitakubali upesi, maana aliwahi kunidanganya kuhusu umri wa mbuzi.

Ni mimi mama yako mzazi.


Kambini, Shelui,
14 Februari 1978

Mama yangu,

Shikamoo. Tumbo ni zima. Nimeanza nalo kama ulivyoamuru. Nakula, na usingizi napata kidogo. Msalimie baba mdogo, mwambie shikamoo yake nimeiweka hapa.

Mama, Simoni hakudanganya safari hii. Tuko watumishi wanane kwa wagonjwa themanini. Tulikuwa tumeanza kulala tumesimama. Dada Martha alisinzia ameinua chupa ya dripu, mgonjwa ndiye aliyemwamsha, akamwambia, "Sista, lala tu, mimi nitaishika." Mganga wetu, Bwana Antipasi, amepitia mafunzo ya kijeshi ya JKT. Akasema mtu anayeinama mchana kutwa juu ya vitanda bila kunyoosha mwili ataishia kitandani yeye mwenyewe. Basi kila alfajiri wanne wanabaki na wagonjwa, wanne wanakwenda mchakamchaka nusu saa.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Tulitoka Bwana Antipasi, Martha, mimi, na mzee Mughwai wa usafi. Tukapita katikati ya kijiji tukihema. Watu wakachungulia. Wakaona mganga anakimbia, wauguzi wanakimbia, hata mfagiaji anakimbia. Wakasema, loo, wataalamu wenyewe wameshindwa, wanatoroka! Tukasikia vishindo nyuma. Bwana Antipasi akageuka kidogo akaona umati, akafurahi, akapaza sauti, "Safi sana, wananchi! Kaza mwendo!" Wakakaza. Tulikwenda hivyo karibu maili mbili, yeye akisifu hamasa ya kijiji, mpaka akapitwa na mama mmoja aliyejitwika cherehani kichwani na kuku wawili kwapani. Hapo ndipo alipoanza kuwaza.

Kuwarudisha watu majumbani ilichukua asubuhi nzima. Yule wa cherehani mpaka leo hatuamini.

Lakini Mama, miguu yangu imeacha kuvimba. Usihofu.

Binti yako,
Dina


Kinampanda,
20 Februari 1978

Mwanangu Dina,

Baada ya salamu, ambazo nakupa ingawa nimekasirika. Nyumbani wote wanakula na wanatembea. Tumbo lako bado lile lile? Usinifiche.

Barua yako niliianika juani pamoja na mtama kabla ya kuishika, maana imetoka kwenye ugonjwa. Kuku akatembea juu yake lakini nimesoma yote. Anastazia alicheka ile habari ya cherehani mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye kidogo, peke yangu, jikoni.

Hao watu wa Shelui ni watu wenye akili. Walifanya kama ambavyo ningefanya mimi, isipokuwa ningechukua na kinu.

Na hukusema umevaa nini. Simoni amesema kaptura. Kaptura, Dina! Wewe uliyebatizwa! Na unene wako utaisha. Mimi nimeuhangaikia unene huo miaka ishirini na tatu kwa maziwa na karanga, ukipita kanisani watu wanajua kwamba kwetu tunakula. Sasa mtu mmoja aliyetoka JKT auteketeze barabarani nusu saa nusu saa. Na wakati wa ugonjwa huu, mtu akikonda, nani atajua kama ni mbio au ni kipindupindu? Mimi mama yako nitajuaje?

Nimempa Simoni unga wa uwele, karanga za kukaanga na kibuyu cha samli. Kula. Pia ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Hiyo si yako, mpe mganga wako. Nimemwandikia kwa heshima, "Mheshimiwa Mganga, naomba umwachilie binti yangu Dina asikimbie. Ukoo wetu miguu haikuumbiwa mbio. Babu yake alikimbia mara moja tu, alipowakimbia Wajerumani, na tangu siku hiyo alichechemea mpaka kaburini. Dina anaweza kukaa akawahesabia wenzake."

Usiisome.

Mama yako.


Kambini, Shelui,
27 Februari 1978

Mama yangu,

Shikamoo, na pole na goti. Tumbo zima. Samli imefika, nusu. Simoni anasema kibuyu kilivuja, lakini yeye mwenyewe anang'aa mashavu.

Mama, ile karatasi Bwana Antipasi aliisoma kwa sauti mbele ya wote mstarini. Nilitaka ardhi inimeze. Alipofika kwa babu na Wajerumani, mzee Mughwai akavua kofia. Kisha Bwana Antipasi akaikunja vizuri akaiweka mfukoni, akasema, "Mama huyu anakupenda. Kimbia mstari wa mbele nikuone." Tangu siku hiyo wananiita Hesabu.

Mama, niseme ukweli kidogo. Hapa kuna siku tunazika watatu. Ile nusu saa ya alfajiri ndiyo pekee ambayo siwasikii wagonjwa. Nasikia pumzi yangu tu. Nikirudi, naweza kuinama tena. Usininyime.

Juzi mvua ilibomoa njia, lori la Simoni limekwama ng'ambo ya korongo. Sasa kila kitu tunakwenda kukichukua kwa kichwa. Nikichelewa kuandika, jua ni hiyo.

Binti yako,
Dina


Kinampanda,
13 Machi 1978

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi tupo. Wiki mbili hujaandika. Najua korongo limejaa, ulisema. Lakini barua ni nyepesi, haihitaji kichwa.

Nimefikiri ile nusu saa yako. Basi kimbia. Lakini vaa kanga juu ya hiyo kaptura.

Tumbo?

Mama yako.


Kinampanda,
19 Machi 1978

Dina,

Sina salamu leo, chukua zile za zamani.

Simoni amerudi kwa miguu, lori kaliacha kule kule. Nikamuuliza, umemwona Dina? Akasema, "Nilimwona mwanzoni mwa mwezi huu, Mama. Alikuja korongoni na wenzake kuchukua dripu, akajitwika sanduku akaondoka mbio. Nikamwita, hakugeuka. Hakunisalimu." Nikasema, na baadaye? Akaanza kuangalia kiatu chake. Nikasema, Simoni, na baadaye? Akasema baadaye wenzake walikuwa wanakuja bila yeye.

Mwanangu hajawahi kumpita mtu bila salamu. Hata mbuzi ulikuwa unawasalimu.

Simjui mtu wa kumpa barua hii. Nitaibeba mwenyewe. Andrea amesema nitasimamishwa kwenye kizuizi na sina kibali, nikamwambia achunge ng'ombe.

Mama.


Ndani ya boma la miiba, Shelui,
23 Machi 1978

Dina mwanangu,

Nimekuona. Usijifiche nyuma ya hilo turubai, nimekuona umekaa juani na kikombe. Ningeweza kukuita kwa sauti, lakini haya si ya kupigiwa kelele mbele ya wageni, kwa hiyo naandika. Dada Martha ataileta, ni hatua mia tu.

Umekonda. Shingo yako ni kama ya Andrea. Martha ameniambia yote, kwamba ulianguka tarehe nne, kwamba ulitiwa chupa kumi na mbili, kwamba ulimwapisha kila mtu asiniambie. Nilipokuwa nakuandikia habari ya kanga, wewe ulikuwa hujui mchana wala usiku. Nimelia, nimemaliza. Sasa nakugombeza. Mtoto gani anakufa bila kumwambia mama yake?

Mimi nimefungiwa siku tano kwa sababu nimevunja kizuizi. Utakuwa umesikia. Mgambo mmoja, Isaka, kijana wa kutosha kuwa mwanangu, alinizuia chini ya mlima. "Bibi, kibali." Nikamwambia bibi ni mama yake, na kibali kimefungwa ndani ya kanga, ageuke nikifungue. Akageuka, ana adabu. Nikainama, nikapita chini ya ule mti waliouweka njiani, nikakimbia. Dina, nilikimbia! Na goti hili! Nilimsikia nyuma, "Bibi, ngoja! Bibi, tafadhali!" mpaka kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, halafu sikumsikia tena. Nilipogeuka alikuwa ameketi barabarani ameshika kiuno.

Nilijileta mwenyewe kwa mganga wako nikamwambia, nimekuja kumtazama mwanangu, nifunge unavyotaka. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia tangu Kinampanda. Nilipomwona jinsi macho yalivyomwingia ndani, nikajikuta namwamkia shikamoo. Kijana mdogo vile! Akacheka kwa mara ya kwanza, wanasema, tangu uanguke. Kisha akatoa ile karatasi yangu mfukoni, akasema, "Mama, hapa umeandika ukoo wenu haukuumbiwa mbio. Mgambo wangu anasema vingine."

Adhabu yake ameitoa. Isaka ameunganishwa na mchakamchaka kila alfajiri mpaka ajue kumkamata bibi.

Kula uji huo umalize. Nakutazama.

Mama yako, wa hapa miibani.


Hema la wagonjwa,
23 Machi 1978

Mama,

Shikamoo. Uji nimemaliza, nimekiinua kikombe uone.

Nisamehe. Niliogopa ungekuja. Na umekuja.

Siku niliyokutana na Simoni hatukuwa na chupa hata moja, na kulikuwa na watoto wawili kwenye mikeka. Nilikimbia njia nzima. Wote wawili wako hai, mmoja jana kaiba karanga zako. Salamu za Simoni nilizisahau, nitamlipa.

Bwana Antipasi anasema mazoezi ndiyo yaliyonipa nguvu ya kupona. Nimemwambia mama atasema ni samli.

Dina


Hapo hapo, jioni

Ni samli.

Mama


Kinampanda,
19 Aprili 1978

Mwanangu mpendwa Dina,

Salamu kutoka kwa wote, na hasa kutoka kwangu. Goti limevimba tangu jana na sababu yake utaisoma. Tumbo lako sikuulizi, umeshaniandikia kwamba ni zima na umerudia mara tatu, nimezihesabu.

Jana nilikuwa shambani napalilia mtama nikasikia honi ya Simoni kule barabarani. Akapiga mara mbili. Tulikuwa tumepatana kabla ya yote haya, barua yako ikiwepo apige mara mbili. Wiki tatu, tangu nirudi na lori lake litoke korongoni, alikuwa anapita kimya. Nikatupa jembe. Nikakunja kanga. Dina, sikufikiri kitu, nilisikia tu upepo masikioni.

Nikafika kwenye lori, nikachukua barua, sikuianika, nikaifungua pale pale nikaisoma nikiwa nahema. Kwamba kambi imefungwa. Kwamba wiki nzima hakuna mgonjwa mpya. Kwamba Jumamosi unakuja nyumbani na lori. Nikasoma mara ya pili ili niwe na uhakika na zile herufi.

Kuinua kichwa, kijiji kizima kiko nyuma yangu.

Anastazia alikuwa ameshafunga kanga kiunoni na ameshaanza kulia, machozi ya kweli, na jina lako mdomoni. Andrea amekuja na jembe na koleo. Mchungaji amekuja na kiatu kimoja. Watoto wa shule wamesimama mstari. Walikuwa wameniona nakimbia, na watu wetu unawajua, wanajua mtoto wangu yuko wapi.

Nikapaza sauti, "Hakuna aliyekufa! Jamani, hakuna aliyekufa!"

Anastazia akapangusa pua. Akasema, "Sasa wewe mama mtu mzima, kama hakuna aliyekufa unakimbia nini?"

Nikamwambia, "Hicho hicho. Hakuna aliyekufa."

Akanitazama. Halafu akanishika akalia upya, na Andrea akatupa koleo, na Mchungaji akasema kwa kuwa tumekwisha kukusanyika basi tuombe, tukaomba pale pale barabarani mpaka Simoni akapiga honi tumpishe.

Karanga nimekaanga debe. Kaptura uje nayo, nataka kuiona, wanawake wa kikundi chetu cha kisomo wanauliza inashonwaje, usiniulize kwa nini.

Na majirani nimeshawaambia, nyumba hadi nyumba, kwamba Jumamosi nitakimbia tena, wasije na majembe.

Mama yako.