Kona ya Matela

Papa,

Umeme ilirudi juzi, na ile pompe ya kusukuma maji ya akwarium yako ikaamka na kichaa chake. Mudomo yangu ilikuwa imeshafunguka kukuita, "Papa, kuja uone!" Kisha nikakumbuka.

Unakumbuka siku tonton, ndugu yako, aliituma toka Bujumbura? Pompe ya bwawa nzima, kwa samaki wetu kidogo wa mu kioo ya salon, hapa kwetu Nguba! Uliiwasha tu, majani yote uliyopanda mu maji ikalala chini, samaki wakabandikwa kwenye kioo. Ukashika kichwa: "Yesu wangu! Nimeomba ziwa, wameniletea muto Ruzizi!" Tulicheka mpaka Maman akatoka jikoni.

Uligeuza bomba iangalie kioo, maji igonge pale kwanza, ipoteze nguvu. Haikutosha. Ukachukua kisu, ukakata kona ya matela yenu, ile sponji ya kulalia, ukaivalisha mudomo ya bomba. Maji ikatulia, samaki wakaanza kutembea. Maman akawaka: "Papa Neema, unakata kitanda yetu juu ya samaki? Uko muzima kweli?"

"Nimekata upande yangu," ulimujibu.

Kisha vita ikafika. Ulipanda njia ya kwenda kijiji ya Miti kututafutia maharagi, masasi ya bunduki ikakukuta kule. Tulikuzika haraka haraka, hata kuimba hatukuimba vizuri. Juma haikuisha, watu wa bunduki wakaingia nyumbani, wakabeba redio, sufuria, nguo zako, matela. Maman aliwafuata mpaka barabarani akiomba wamuachie ile matela tu, kwa sababu harufu yako ilikuwa mule. Wakamusukuma. Akwarium waliiangalia, wakacheka, wakaiacha.

Basi ile kona mu maji ndiyo ilibaki ya mahali ulikuwa unalala. Nilikuwa naisafisha na vidole viwili tu, kama uso ya mutoto. Lakini ilikuwa imeoza, Papa. Juzi pompe ilipoamka, ikapasuka. Ruzizi ikarudi, majani ikang'oka, samaki wakabandikwa tena. Nilizima, nikakaa chini na ule uchafu mu mukono, nikalia na kamasi yote. Hata kwenye kaburi yako sikulia vile.

Maman alinikuta pale. Aliingia chumbani mwake, kwenye matela nyembamba walimupa kanisani, ku paruwasi, nikasikia kisu inakata. Akarudi na kona mu mukono.

"Nimekata upande yangu," alisema. "Ya papa yako niliiacha."

Papa, mwaka nzima analala ku ukingo, na mimi sikujua.

Nimevalisha bomba ile kona ya Maman, nimepanda majani upya. Samaki wanatembea. Umeme ikirudi, nitakuwa nakimbia kwanza kuangalia ile pompe, wasipate taabu. Na Maman nitamuchunga, hilo usiogope.

Lala muzuri, papa yangu. Upande yako hakuna mutu atailalia.

Neema wako